SOMO LA LEO: Ukifundisha kazi yako ya mikono, watakuibia wateja?

Leo sileti mbinu ya kupata wafuasi elfu kumi kwa wiki. Naleta somo nililolipata darasani, na mwalimu wa darasa hilo nilikuwa mimi mwenyewe. Ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko kwenye daladala lihifadhi, utalisoma ukifika.

Swali najua linawasumbua wengi, hasa sisi tunaouza vitu tunavyotengeneza kwa mikono: mtu akikuomba umfundishe kile unachouza, umfundishe au umkwepe?

NILIKOTOKA

Wengi mnanifahamu kwa kadi na mapambo ya karatasi iliyokatwa. Kazi hii asili yake si kwetu, na sijawahi kuficha. Ni sanaa ya Wachina. Wenyewe wanaiita jianzhi, maana yake ni kukata karatasi tu. Nilijifunza nilipokuwa nasoma Xi'an, mkoa wa Shaanxi, kwa bibi mmoja jirani wa hosteli yetu aliyekubali niwe naenda kwake kila Jumapili.

Vijijini huko kaskazini mwa China, Mwaka Mpya wao ukikaribia, kina mama hukata maua, ndege na samaki kwenye karatasi nyekundu na kubandika madirishani. Zamani madirisha yale hayakuwa na vioo, yalizibwa kwa karatasi nyeupe. Kwa hiyo jua la asubuhi likipiga, lile ua jekundu linawaka. Binti alijifunza kwa mama yake au bibi yake, hapohapo nyumbani. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza sanaa hii kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Niliporudi Dar nikaanza kuuza mtandaoni: kadi za harusi, kadi za kuzaliwa, fremu za ukutani. Kadi moja 6,500. Na kila siku inboksi wimbo ni uleule: "Dada, si karatasi tu hiyo? Mwisho bei gani?"

Halafu likaja pigo. Mtu mwenye mashine ya leza alichukua picha ya samaki wangu kwenye ukurasa wangu, akaiingiza kwenye kompyuta, akaanza kuuza kadi hiyo kwa 2,000. Samaki yuleyule, mpaka kosa langu dogo la kwenye mkia alilichukua. Mwezi ule niliuza kadi tisa. Nilishaanza kuulizia bei ya bela la mitumba.

Ndipo nikapigiwa simu kutoka chuo kimoja. Walikuwa na wanafunzi 14 wa sanaa, wanataka mtu wa kuwafundisha kukata karatasi Jumamosi nne, malipo 60,000 kwa siku. Nilitaka kukataa. Dada yangu ndo kabisa, akaniambia, "Unawanolea watu visu waje wakuchinje." Lakini kodi ya chumba ilikuwa inanidai. Nikaenda.

JUMAMOSI YA KWANZA: NILIHARIBU

Nawaambia ukweli. Siku ya kwanza nilienda kujionyesha. Niliwagawia mchoro wa samaki wangu, ule mgumu wenye magamba, nikawapa visu vidogo vya kukatia karatasi, nikasema haya, fuateni mistari.

Baada ya saa moja na nusu, wanafunzi tisa karatasi zao zilikuwa zimechanika. Waliobaki walikuwa na samaki aliyetoka sawasawa na wangu, ila amekufa, hana uhai wowote. Binti mmoja aliweka kisu mezani akasema taratibu, "Mwalimu, mimi sina mkono." Hakugusa karatasi tena mpaka kipindi kinaisha.

Njiani nikiwa narudi nilijiuliza kwa nini nilianza na kitu kigumu vile. Jibu halikunifurahisha. Nilitaka waone kwamba hawawezi. Nilikuwa nalinda wateja wangu huku nimeshapokea hela ya watu.

JUMAMOSI YA PILI: NILIRUDI KWA BIBI

Wiki ile nilikumbuka yule bibi wa Xi'an alivyonianza. Hakunipa samaki. Alinipa gazeti kuukuu na mkasi, na Jumapili mbili nzima nilikata vitu viwili tu: mwezi mwandamo na meno ya msumeno. Mwezi mwandamo ndiyo jicho, ndiyo gamba la samaki, ndiyo mkunjo wa nguo. Meno ya msumeno ndiyo manyoya ya ndege na nywele za mnyama. Ukishazishika hizo mbili, unaanza kuona kwamba picha nyingi ni hizo tu zimepangwa upya.

Pia nilikumbuka kitu nilichosoma. Miaka ya 1980, walimu wa chuo kikuu cha sanaa cha Beijing, kile kinachoitwa CAFA, waliwaalika kina mama wazee kutoka vijiji vya kaskazini mwa Shaanxi waje kukata karatasi mbele ya wanafunzi. Watu wa chuo, wenye kuchora kwa penseli na rula, wakakaa kumtazama bibi wa kijijini anakata moja kwa moja bila kuchora.

Basi na mimi nikafanya hivyo. Nikakaa mbele yao, nikanyamaza, nikakata. Halafu nikawapa magazeti na sheria nne tu.

1. Mkasi unakaa palepale, karatasi ndiyo inazunguka. Anayeanza huwa anaupeleka mkasi huku na huku, ndo maana ukingo unatoka na vikona. Mkono wa kushoto unafanya kazi kubwa kuliko wa kulia.

2. Anza ndani, malizia nje. Vitobo vidogo kwanza, ukingo mwisho. Ukikata ukingo mapema, karatasi inalegea na huna tena pa kushika.

3. Kunja kabla ya kuchora. Ile alama ya harusi ya Kichina, herufi ya furaha ikiwa mara mbili, inakatwa kwenye karatasi iliyokunjwa katikati, kisha ikakunjwa tena katikati kuelekea upande uleule. Unakata robo tu, ukikunjua unapata furaha mbili zimeshikana. Wanafunzi walivyokunjua ya kwanza darasa lilipiga kelele kama goli limeingia.

4. Jua unabakisha nini. Kuna aina mbili za kukata. Ya kwanza unatoa mwili wa picha na kubakisha mistari, na hapo kila mstari lazima umshike mwenzake. Ukikata mmoja kwa bahati mbaya, picha yote inaachia. Ya pili unaitoa mistari na kubakisha mwili, hapo mistari haihitaji kushikana. Wachina wanaziita yang na yin. Samaki wangu wa siku ya kwanza alikuwa amechanganya zote mbili bila mimi kueleza lolote, ndo maana walichana.

Yule binti aliyesema hana mkono alikata miezi mwandamo 60 siku ile. Nilihesabu mimi mwenyewe.

Kwa wewe unayeuza: onyesha mkono wako ukifanya kazi. Video ya sekunde 30 ya karatasi inazunguka kwenye mkasi imenifanyia kazi kuliko picha 20 za kadi zilizokamilika. Mteja anayeona mkono haulizi tena "si karatasi tu hiyo?"

JUMAMOSI YA TATU: KIBATARI NA MAANA

Siku hii nilienda na kibatari. Kabla ya mashine za kutoa kopi, mama wa kijijini akipenda ua la jirani alilinakili kwa moshi. Unaweka ua lililokatwa juu ya karatasi nyeupe, unalowesha kidogo ligande, halafu unapitisha juu ya moshi wa taa ya mafuta. Karatasi yote inakuwa nyeusi. Ikikauka unabandua lile ua, na chini yake limebaki umbo jeupe. Hiyo ndiyo ramani yako ya kukatia. Tulifanyia nje, karatasi mbili ziliungua, lakini ya tatu ilitoka safi.

Kijana mmoja akaniuliza swali lililonichoma: "Mwalimu, sasa kama wao walikuwa wanakopiana, wewe yule wa leza kakukosea nini?"

Nilikaa kimya kidogo. Jibu nililompa ndilo ninaloliamini mpaka leo. Wale kina mama walinakili ili wajifunze na ili wabandike kwao. Na kila aliyenakili aliongeza chake: huyu mkia mrefu, yule ua la ziada. Mwenye leza hakujifunza wala hakuongeza. Tukawekeana sheria: mchoro wa mwalimu ni wa kujifunzia. Cha kuuza kiwe chako.

Lakini utakifanyaje kiwe chako? Hapo tukaingia kwenye maana, na hii ndiyo sehemu iliyobadilisha biashara yangu.

Michoro mingi ya Kichina ni mchezo wa maneno. Samaki kwa Kichina ni "yu", na neno hilo linasikika sawa na neno la ziada, yaani kubakiwa na akiba. Ua la yungiyungi ni "lian", linasikika kama neno la kufuatana. Ukiona samaki na yungiyungi pamoja, anayekupa anakuombea ubakiwe na akiba mwaka baada ya mwaka. Popo, ambaye kwetu watu wanamwogopa, kule ni wa heri kwa sababu sehemu ya jina lake, "fu", inasikika kama neno la baraka. Komamanga limejaa mbegu, na neno la mbegu ndilo pia la watoto, kwa hiyo linapewa maharusi.

Niliwaambia wafikirie kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake. Huwezi kumpa mtu kanga bila kusoma jina, utajikuta umemtukana. Na hii karatasi iko vilevile, ila jina lake limefichwa ndani ya picha.

Nikawasimulia na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza, familia moja ya Kichina hapa Dar iliniagiza mapambo ya harusi. Nikaona maharusi wetu wanapenda nyeupe, nikaikata ile furaha mara mbili kwenye karatasi nyeupe ya bei ghali, nikajiona mbunifu. Mzigo ulirudishwa siku hiyohiyo. Kwa mila yao nyeupe inakwenda na msiba, na harusi ni nyekundu. Nilipoteza oda ya 180,000, na mama wa bi harusi hakupokea simu yangu tena. Yule bibi alikuwa amenifundisha kukata, na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini karatasi zake zote ni nyekundu.

Kwa wewe unayeuza: kama unauza kitu cha watu wengine, kiwe batiki, kiwe udi, kiwe shanga, jifunze maana yake kabla ya bei yake. Na useme kimetoka wapi. Mimi sasa kila kadi ina kikaratasi nyuma: sanaa hii ni ya China, mchoro huu maana yake ni hii, umekatwa kwa mkono.

JUMAMOSI YA NNE: PAA JUU YA PAA

Kazi ya mwisho ilikuwa hii: tafuta mchezo wa maneno kwenye lugha yako, uukate. Si samaki, si popo. Chako.

Wengi walihangaika. Mmoja alikata mwezi, akasema ni wa angani na pia ni wa mshahara, tukacheka sana. Kisha yule binti aliyesema hana mkono akakunjua karatasi yake. Alikuwa amekata nyumba, na juu ya bati lake amesimama paa, yule mnyama, miguu ya mbele imeinuliwa kama anaruka. Meno ya msumeno mgongoni, mwezi mwandamo kwenye jicho. Paa juu ya paa. Akasema ni kadi ya kumpa mtu aliyehamia nyumba yake, na dua yake ni kwamba azidi kupaa.

Nilijua palepale kwamba ile kadi itauzika. Na sitawadanganya, nilisikia wivu. Mimi miaka mitatu nauza samaki wa watu, na huyu kwa Jumamosi nne ametoa kitu ambacho kila Mswahili atakielewa bila kikaratasi cha nyuma.

Akanifuata baada ya kipindi. "Mwalimu, nikiiuza hii utakasirika?"

Ningeweza kumwambia asubiri, ajifunze zaidi. Ndiyo lilikuwa jibu la kwanza lililonijia. Lakini nikakumbuka Jumamosi ya kwanza na wale samaki waliochanika. Nikamwambia, "Uza. Ukitaka, anzia kwenye ukurasa wangu." Tukakubaliana: jina lake liwe nyuma ya kadi, bei 6,500, mimi nachukua 1,000 kwa kila kadi kwa kutafuta mteja na kupanga bodaboda. Miezi miwili ya mwanzo zilienda kadi 26.

HESABU SASA

Najua mnataka namba. Hii ndiyo hesabu niliyoiweka ubaoni siku ile ya mwisho.

Karatasi nyekundu: 200
Manila ya kadi: 500
Bahasha: 300
Gundi na nyembe: 100
Jumla ya vifaa: 1,100

Muda wangu kwa kadi moja ni dakika 50. Saa yangu nimeipa thamani ya 4,800, kwa hiyo muda ni 4,000. Jumla 5,100. Nauza 6,500, faida 1,400. Kama hujaandika muda wako kwenye hesabu, ujue ni wewe unayemlipa mteja.

Kati ya wale 14, mmoja alivunja sheria yetu. Alimkopi samaki wangu akamweka statasi kwa 3,000. Iliniuma, nilimwambia, akaniomba radhi. Lakini kilichomfanya aache siyo maneno yangu. Alikata tano, akajipigia hesabu ya saa alizotumia, akaona amefanya kazi ya bure. Wale wengine 12 hawauzi kabisa. Ila wanajua kadi moja inakula muda gani, na wanasema. Oda tatu kubwa za mwaka jana zilitoka kwa watu waliotumwa na wanafunzi hao: "Nenda kwake, mkono wake naujua."

Na mafunzo yenyewe yakawa bidhaa. Mwezi mmoja baadaye nilifungua darasa langu la Jumapili, 25,000 kwa mtu, vifaa vyote ndani. Walikuja wanane, nikapata 200,000. Vifaa 24,000, ukumbi 40,000, nikabaki na 136,000 kwa mchana mmoja. Si utajiri, lakini ni sawa na faida ya kadi 97.

Mwenye leza bado yupo. Bado anauza 2,000, na wapo wateja wanaokwenda kwake. Siwasemi vibaya. Anayetaka kadi 200 za haraka za mkutano namwambia mashine itamfaa. Anayetaka kadi ya mwanawe anayeolewa, huyo namtumia video ya mkono.

KWA HIYO, UFUNDISHE AU UKWEPE?

Fundisha, lakini fundisha vizuri. Nilipofundisha nusunusu ili nijilinde, niliwapa watu samaki wa kukopi tu. Nilipofundisha mpaka maana, mmoja akaniletea paa, na waliobaki wakawa wanaitetea bei yangu kwa watu nisiowajua.

Ukitaka kuanza, fanya haya matatu:

1. Tafuta herufi mbili za kazi yako, kama mwezi mwandamo na meno ya msumeno. Mshonaji ana zake, mpishi wa keki ana zake. Somo la kwanza liwe hizo tu.
2. Weka sheria ya mchoro siku ya kwanza, siyo baada ya ugomvi: cha mwalimu ni cha kujifunzia, cha kuuza kiwe chako.
3. Pangeni bei pamoja darasani, muda ukiwemo. Mwanafunzi anayejua gharama ya saa moja hawezi kuja kuharibu soko.

Kazi ya nyumbani: chukua bidhaa yako moja, washa saa ya simu, itengeneze mwanzo mpaka mwisho, halafu andika hapa chini imekula dakika ngapi. Usione aibu. Mimi ya kwanza ilikula saa tatu.